Nilivyotafuta Zana za Askari wa Kirumi

Wasomaji wa gazeti hili waliohudhuria mchezo wetu wa "Juliasi Kaizari" mwisho wa muhula uliopita waliwaona askari sita wakipanda mawe yaliyo nyuma ya bwalo, wenye ngao, chapeo na deraya. Tangu usiku ule nimeulizwa mara nyingi, "Vitu vile mlivipata wapi?" Wengine hudhani viliazimwa Dar es Salaam, na mwanafunzi mmoja wa Kidato cha Kwanza aliniambia amesikia kuwa vilitoka Ulaya kwa meli. Mhariri ameniomba nieleze ukweli. Nimekubali, ingawa ukweli wenyewe una aibu kidogo upande wangu.

Mchezo huo, kama wengi mjuavyo, uliandikwa na Shakespeare wa Uingereza yapata mwaka 1599, na Mwalimu Julius Nyerere ndiye aliyeutafsiri kwa Kiswahili. Tafsiri yake ilitolewa mara ya kwanza mwaka 1963, na ile aliyoisahihisha ikatoka mwaka 1969. Chama chetu cha Maigizo kilipogawa kazi, wenye sauti nzuri walipewa maneno ya Brutus na Antonius. Mimi sauti yangu hukwaruza kama mlango wa stoo, basi nikapewa kazi ya stoo: kutafuta zana za askari sita watakaopigana vita vya Philippi. Wanachama walichanga shilingi 60,000, wengine kwa kujinyima maandazi, nami nikakabidhiwa mbele ya wote.

Nalikuwa mgeni kabisa katika jambo hili. Nilikwenda maktaba, nikafunua kitabu cha historia, nikaona picha nzuri ya askari wa Kirumi. Kifuani alivaa dirii ya mikanda ya chuma iliyopangwa kama magamba ya kakakuona, na mkononi alishika ngao ya pembe nne iliyopinda. Moyo wangu ulisema, "Huyu ndiye." Sikusoma maneno yaliyoandikwa chini ya picha. Jumamosi nilikwenda mjini kwa fundi bati na karatasi niliyochorea picha ile.

"Fundi, nataka mavazi ya askari sita."

"Askari wa jeshi gani?"

"Wa Roma."

Akanitazama kitambo, kisha akauliza, "Hao hulipa taslimu?"

Nikalipa taslimu shilingi 42,000, yaani 7,000 kwa kila dirii. Fundi alifanya kazi yake kwa uaminifu. Alikata mikanda ya bati, akakunja kingo zake zisimkate mtu, akaiunga kwa ngozi. Dirii ziling'aa hata zikaumiza macho. Katika daladala kondakta aliniuliza kama nakwenda kuezeka banda la kuku, lakini sikumjali. Nalijiona nimeshinda.

Jioni ile nilizipanga dirii zote sita juu ya meza na kumwita Bwana Mwalimu wa Historia, mlezi wa chama chetu. Alizisifu kwa unadhifu wake, kisha akaniuliza, "Kaizari aliuawa lini?"

"Tarehe 15 Machi, mwaka 44 kabla ya Kristo, Bwana."

"Na vita vya Philippi?"

"Mwaka 42 kabla ya Kristo."

"Vyema. Na picha uliyoifuata ilitoka wapi?"

Nikafungua kitabu na kusoma yale maneno madogo. Picha ile ilifuata michoro iliyochongwa juu ya Nguzo ya Trajan, ambayo ilikamilika Roma mwaka 113 baada ya Kristo.

"Basi fanya hesabu," akasema. "Askari wako wamechelewa vitani kwa miaka zaidi ya 150."

Alinieleza kwa upole ya kuwa mabaki ya kale kabisa ya dirii za mikanda yaliyopatikana ardhini ni ya miaka thelathini na zaidi baada ya kufa kwa Kaizari. Askari wa Kaizari na wa Brutus walivaa deraya, yaani shati la pete ndogo za chuma zilizofumwa, kila pete ikishika pete nne. Chapeo zao zilikuwa mabakuli ya shaba yenye kifundo utosini, na ngao zao zilikuwa ndefu, zenye ncha za mviringo.

Mwenzangu mmoja wa bweni alitaka kunitetea. Alisema, "Bwana, mbona Shakespeare mwenyewe ameweka saa igongayo katika Roma ya Kaizari, hali saa za namna ile hazikuwako?"

Mwalimu akacheka. "Ni kweli. Shakespeare alikosea saa, lakini alitupa mchezo. Ninyi mmekosea dirii, nanyi mtatupa nini?"

Hatukuwa na jibu. Usiku ule sikupata usingizi. Sikuumia kwa sababu ya bati. Niliumia kwa sababu ya wenzangu waliojinyima. Ningeweza kunyamaza, maana hakuna mzazi hata mmoja ambaye angejua tofauti. Lakini mimi ningejua, na Mwalimu angejua. Basi katika mkutano wa Jumatatu nilisimama nikasema, "Ndugu zangu, nimetumia fedha zenu nyingi kwa vitu visivyo vya wakati ule. Kosa ni langu, si la fundi. Zimebaki shilingi 18,000." Palikuwa na minong'ono, na mmoja aliguna kwa nguvu. Mwishowe waliniacha niendelee, kwa sharti kwamba askari wote sita wafanye kazi pamoja nami.

Hapo ndipo nilipoanza kujifunza. Mwalimu alitusomea habari za watu wafanyao mambo haya kwa bidii huko Ulaya. Uingereza kiko chama kiitwacho Ermine Street Guard, kilichoanzishwa mwaka 1972, ambacho watu wake huvaa kama askari wa Kirumi wa mwishoni mwa karne ya kwanza baada ya Kristo. Hawachanganyi miaka, hutazama vitu vilivyofukuliwa ndipo watengeneze vyao. Naye Mjerumani Marcus Junkelmann, mwaka 1985, alitembea na wenzake kutoka Verona, Italia, hadi Augsburg, Ujerumani, kupitia milima ya Alps, wakiwa na zana za namna hiyo, ili wajue kwa miili yao askari wale walivyosafiri. Kwao swali la kwanza huwa ni mwaka gani. Bei na duka hufuata baadaye. Mimi nalianza na duka.

Deraya ndiyo iliyotutisha. Shati moja huhitaji maelfu ya pete. Jumamosi nilitembea ufukoni hadi Mwaloni Kirumba, mawazo yamenijaa, nikamkuta mzee mmoja ameketi kivulini akishona nyavu.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mbona uso umekunjamana hivyo?"

Nikamweleza. Alisikiliza, kisha akanyosha wavu mbele yangu, akanionyesha fundo moja. Kutoka katika kila fundo uzi ulikwenda pande nne. Nikakumbuka pete zile, kila moja ikishika nne. Nikamwomba anifundishe kufuma wavu wa macho madogo sana kwa uzi mnene.

"Jicho dogo hivi?" akashangaa. "Wamtafuta samaki gani? Hapa hata dagaa hachomoki! Maofisa wa uvuvi wakikuona watakukamata wewe na huyo Kaizari wako."

Hata hivyo alinifundisha fundo, akanipa na vipande vya nyavu kuukuu bila malipo. Uzi mnene niliununua kwa shilingi 6,000. Tulikunja nyavu zile mara nne, tukazishona kama mashati, kisha tukafuma wenyewe mabega, shingo na pindo kwa uzi mnene. Kazi hii ilikula mwisho wa juma mara tatu, na vidole vyetu vilichubuka. Mwisho tulizipaka masizi ya masufuria yaliyochanganywa na mafuta, na rangi ya fedha kidogo juu yake. Kwa mbali ulikuwa chuma kilichokwisha kusafiri njia ndefu.

Chapeo zilitoka shambani. Mwanachama mmoja, ambaye kwao ni Magu, alileta vibuyu vikubwa. Kibuyu kikikatwa nusu na kikonyo kikaachwa juu, huwa bakuli lenye kifundo utosini, kama chapeo za wakati wa Kaizari zilivyokuwa. Tulivipaka rangi ya shaba na kuvitia vipande vya ngozi vya kufunika mashavu.

Habari ya ngao ilinifurahisha kuliko zote. Mwaka 1900 ngao ndefu ya mbao ilifukuliwa Fayum, nchini Misri, na wataalamu wengi huihesabu kuwa ya namna ya Kirumi. Imetengenezwa kwa vipande vyembamba vya mbao vilivyogandishwa tabaka tatu, kila tabaka likikingama na jingine. Nani asiyeona ya kuwa hiyo ni plaiwudi? Tena Fayum hunyweshwa maji ya Nile, na Nile hutoka katika ziwa hili hili tunaloliona kutoka madirishani mwa darasa letu. Tuliomba masalio ya plaiwudi nyembamba katika karakana ya shule, tukayalowesha, tukayapinda juu ya pipa, tukayagandisha kwa gundi tabaka kwa tabaka na kuyavika magunia. Gundi ilikuwa shilingi 4,000, na rangi zote 5,000.

Viatu havikutusumbua. Askari wa Kirumi walivaa ndala za ngozi zenye mikanda, na soli zake zilipigiliwa misumari ya chuma. Sisi tulivaa katambuga za matairi tukaongeza mikanda ya ngozi, lakini misumari tuliiacha, kwa kuwa mawe ya Mwanza huteleza nasi tulitaka askari warudi wazima.

Zilibaki panga. Mkuu wa Shule alikataza chuma cha namna yoyote, tukanung'unika kwamba panga za mti ni mchezo wa watoto. Hata mazoezi yetu yalikuwa ya kuchekesha, maana kabla ngao hazijakauka tulishika fimbo na nyungo tulizoziazima jikoni, na Mama Mpishi akitufuata kila jioni kudai nyungo zake. Mwalimu aliposikia manung'uniko alituambia habari ya Vegetius, Mrumi wa zamani aliyeandika juu ya mafunzo ya vita. Huyo asema ya kuwa wazee wao walimpa askari mpya upanga wa mti na ngao iliyosukwa kwa vijiti, vyote vyenye uzito maradufu, naye alipiga nguzo iliyosimamishwa uwanjani asubuhi na alasiri. Basi fimbo na nyungo zetu, zilizotutia haya, ndizo zilizokaribia kabisa zana halisi za mwanafunzi wa vita! Tangu siku ile hakuna aliyenung'unika. Tena, kwa kuwa deraya ya kweli huweza kufika uzito wa kilo kumi na zaidi, kila askari alizunguka uwanja kwa juma zima akiwa na mfuko wa mchanga wa kilo kumi mabegani, ili ajue kutembea kama mtu aliyevaa chuma.

Usiku wa mchezo nalisimama nyuma ya jiwe nikishika taa. Mlioona mnakumbuka mahali pale ambapo Pindarus anapanda mlimani kutazama vita kwa niaba ya bwana wake Cassius. Kwa mbali anamwona Titinius amezungukwa na wapanda farasi, naye atoa habari kwamba ametekwa. Kumbe ni rafiki zake wanaomshangilia! Cassius anakufa kwa ajili ya habari hiyo. Nilikuwa nimeyasikia maneno hayo katika mazoezi mara ishirini, lakini usiku ule yalinichoma, kwa kuwa nami nalitazama picha kwa mbali nikaamini, nisiende karibu kusoma maneno yake. Mungu ni mwema, mimi nilipoteza bati tu.

Nanyi mtakaopewa kazi hii baada yangu, nawaachia ushauri mchache. Ulizeni mwaka kabla ya kuuliza bei. Anzeni na fimbo na ungo, wala msione haya. Kisha nendeni kwa watu wa hapa hapa wajuao kufuma, kuseremala na kulima, maana katika mikono yao mna mambo mengi ya kale kuliko mnavyodhani.

Kuhusu zile dirii sita, nilizirudisha kwa fundi bati. Alicheka sana, kisha kwa shilingi 2,000 akazigeuza vizoleo vya taka vya mabweni yetu. Shilingi 1,000 iliyobaki imo katika kasha la Chama. Kila asubuhi nifagiapo bweni nashika mkononi sehemu ya jeshi la Trajan, na vumbi la Mwanza huingia humo vizuri sana.

Mwanafunzi wa Kidato cha Tatu