GARI LA MZEE, SEHEMU YA 4: KELELE ZA BUSHI

Nimetoka zamu ya usiku, nimelala masaa matatu tu, tuendelee tulipoishia.

Injini ya Corolla ya marehemu baba ilishawaka, mnakumbuka. Likaja jipya: kila nikipita kwenye tuta, mbele kunalia kwii kwii kama kitanda kibovu cha wodini. Nikirudi alfajiri mtaa mzima unajua nesi karudi. Mama akaniambia, "Mwanangu, baba yako hakuwahi kuendesha gari linalolia hivi. Liuze tu." Iliniuma.

Nikafanya kosa ambalo mgonjwa akilifanya namgombeza: kutuliza maumivu bila kupima. Nilichukua grisi ya kawaida ya gereji, nikapaka kila bushi niliyoiona. Siku tatu kimya. Baadaye kelele zikarudi, na bushi za stabilaiza zimevimba, zimelainika kama ubani uliotafunwa.

Jamani, na mimi ndiye ninayewafundisha watu kliniki kwamba kondomu haipakwi mafuta ya mgando, yanaharibu mpira! Bushi nazo ni mpira. Ukitaka kupaka kitu, tumia grisi ya silikoni.

Fundi mmoja mtu mzima akanionesha namna ya kupima. Mmoja anabonyeza gari juu chini, mwingine anasikiliza huku akinyunyizia maji bushi moja moja. Kelele ikikata, umempata mgonjwa. Ila maji si dawa, ni kipimo tu. Kumbe mbali na zile nilizoziharibu mwenyewe, bushi za amu za chini zilikuwa zimepasuka siku nyingi.

Tukabadilisha zote. Na hapa shika hili: nati za bushi za amu usizikaze mwisho wakati gari liko juu ya jeki na tairi zinaning'inia. Kaza gari likiwa limesimama kwa uzito wake. Vinginevyo, ukilishusha tu, mpira unabaki umejipinda muda wote, na utachanika mapema. Hela yako imekwenda.

Jumapili nikampeleka mama kanisani. Tulipofika kwenye lile tuta la karibu na shule nikabana pumzi. Kimya.

Mama akaangalia nje kwa muda, kisha akasema, "Haya, na breki je?"

Ndugu zangu, habari ya kuuza haijatajwa tena. Breki ni sehemu ya 5.