Chetezo cha Haruni

Shangazi yangu alizikwa bila kengele. Ilikuwa mwaka 1987, kijijini kwetu mkoani Kagera, nami nilikuwa na miaka 11. Kengele ya kanisa letu ililia kila muumini alipofariki, na waliokuwa shambani waliacha jembe wakasikiliza. Siku ile haikulia. Mhubiri alimtuma mtu kutuambia kwamba marehemu alikuwa ametengwa, hakuwahi kurudi kundini, na ugonjwa uliomuua unajulikana.

Ulijulikana kwa jina la nguo. Miaka ile ya magendo, baada ya vita na Idi Amin, vilikuja kutoka Uganda vitambaa vya Juliana. Wafanyabiashara waliovivaa walipoanza kukonda, watu wakauita ugonjwa wao Juliana. Ng'ambo ya mpaka wa Mutukula waliuita Slim. Wagonjwa watatu wa kwanza nchini walitambuliwa mkoani kwetu mwaka 1983. Jina la UKIMWI lilipotufikia, tayari vibanja vingi vilikuwa na makaburi mabichi chini ya migomba, maana sisi Wahaya tunazikana nyumbani.

Niliyaamini mahubiri ya wakati ule, kwamba ugonjwa huo ni adhabu ya dhambi. Mtoto anayesimuliwa habari za Sodoma Jumapili hadi Jumapili, atamwamini nani mwingine? Nilipotumwa kumpelekea shangazi uji, nilikishika kikombe kwa jani la mgomba, nikakiweka kizingitini na kurudi nyuma. Aliniona. Hakusema neno.

Kaburini alisimama baba. Alikuwa mzee wa kanisa tu, hana joho. Alifungua Hesabu sura ya 16, mahali ambapo sikuwahi kusikia pakisomwa msibani. Watu wamemnung'unikia Musa na Haruni, ghadhabu imeshuka, tauni inaua. Haruni anatwaa chetezo, anatia moto wa madhabahuni na uvumba, anaingia mbio katikati ya mkutano. Anasimama pale ambapo upande mmoja ni maiti na upande mwingine ni wazima, na tauni inakoma. Waliokufa walikuwa 14,700. Baba alifunga kitabu, akasema Biblia haikuficha kwamba watu wale walikosa. Kisha akauliza: kuhani alikimbilia wapi? Hakuna aliyemjibu. Akashika koleo, akaanza kufukia.

Laiti ningeweza kusema kwamba swali lile liligeuza kanisa. Kilichotugeuza ni misiba yenyewe. Juliana iliingia kwa waimba kwaya na walimu, ikawachukua wanawake ambao maisha yao yote hawakumjua mwanamume mwingine ila mume wa ndoa, ikawachukua watoto wachanga. Mhubiri aliyemwona mtoto wa miezi minane akiisha mikononi mwa bibi yake angesema adhabu ya dhambi gani? Wanawake wa kanisani walitangulia kabla ya tamko lolote. Waliingia nyumba zilizofungwa, wakawaogesha wagonjwa, wakafua mashuka, wakaimba taratibu. Baadaye Walutheri wa Dayosisi ya Kaskazini Magharibi wakawa na HUYAWA, Huduma ya Watoto, kwa ajili ya yatima. Uganda, mwaka 1992, kasisi wa Kianglikana Gideon Byamugisha alitamka hadharani kwamba anaishi na virusi. Kwangu, kijana wa sekondari wakati huo, ilikuwa kama mtu amefungua dirisha: mwenye joho naye anaugua, na bado anahubiri.

Hata hivyo sikujiunga na wanaosema Mungu hahukumu. Wapo waume waliojua na wakanyamaza, wake zao wakafa. Mungu asiyechukizwa na hilo, huruma yake ingekuwa na faida gani kwa wale wanawake? Lakini katika Luka 13, Yesu anapotaja watu 18 walioangukiwa na mnara wa Siloamu, anakataa kuwafanya wakosaji kupita wengine, halafu anawageukia wasikilizaji wake wazima na kuwataka watubu. Neno la hukumu nalipokea likinielekea mimi. Kumtupia mgonjwa sina ruhusa.

Mwaka 2020 nilikuwa Dar es Salaam, nami sasa mzee wa kanisa. Serikali ilitangaza siku tatu za maombi, tarehe 17 hadi 19 Aprili, nikafunga na kuomba kwa moyo wote. Lakini ndani ya wiki zile niliisikia tena sauti ya 1987: Korona ni fimbo kwa mataifa machafu, sisi hatutaguswa. Nilipopendekeza ndoo ya maji na sabuni mlangoni, ndugu mmoja aliniambia nimepungukiwa imani. Nikamsomea Hesabu 16. Haruni alikimbia, nikamwambia, hakungoja ajue nani amestahili. Ndoo iliwekwa. Januari 2021, maaskofu Wakatoliki kupitia baraza lao, TEC, walipowaonya waumini wao kwamba ugonjwa upo na wajilinde, mimi nisiye Mkatoliki niliusoma waraka wao nikilia, kwa kuwa safari hii walinzi waliamka mapema.

Mchungaji unayesoma haya, sijui gonjwa lijalo litaitwaje wala litaanza kwa akina nani. Nakuomba jambo moja. Akifa mtu wako, pigisha kengele.