Maji Kwanza, Lugol Baadaye

Kule Bukavu nilikuwa laborantini, na kazi ya laborantini ni kusaka adui. Nilisaka malaria katika damu iliyotiwa rangi ya Giemsa, nikasaka vijidudu vya kifua kikuu katika makohozi yaliyokaushwa juu ya moto. Ukimwacha amiba wa kinyesi kibichi, ambaye lazima umwahi angali anatambaa, karibu kila kilichopita chini ya hadubini yangu kilikuwa kimeshakufa. Jibu nalo lilikuwa fupi: yupo au hayupo.

Nilipohamia Durban, Afrika Kusini, vyeti vyangu havikunisaidia. Nikawa mlinzi wa magari kama Wakongomani wenzangu wengi, nikapata kona Glenwood, jirani na msitu mdogo wa Pigeon Valley. Miaka ya mwanzo nilikuwa mtu wa hasira, mke wangu ni shahidi. Kilichonigeuza ni tawi bovu lililoangushwa na upepo barabarani, msimu wa mvua. (Msituni siokoti kitu, hifadhi ni hifadhi.) Lilikuwa na vidoa vyeupe. Nikalisogeza machoni: kila kidoa ni kikombe kidogo kuliko kichwa cha pini, kina kikonyo, na ukingo umeota nywele.

Aliyezoea lenzi haoni kitu kama hicho akalala. Nilinunua hadubini kuukuu, nikailipa kidogo kidogo, mke wangu akiuliza kama hivyo vikombe vinaliwa.

Vikombe hivyo ni kuvu, na kuvu hizi zina adabu yake. Unakata ukanda mwembamba kwa wembe, unauweka kwenye tone la maji matupu, unafunika kwa kioo. Ndani utakuta vifuko virefu vimebanana kama abiria wa teksi ya Umlazi jioni, na kwa kawaida kila kifuko kina spora 8. Katikati yao husimama nyuzi. Katika jenasi ya Lachnum, ambako kikombe changu kilijiweka, nyuzi hizo zimechongoka kama ncha ya mkuki na mara nyingi huvipita vifuko kwa urefu, na nywele za ukingoni zina chembechembe. Spora zikiwa hai huonyesha matone ya mafuta. Idadi na ukubwa wake husaidia kutenganisha spishi. Ukiwahi kutia potasa, umeua seli na sehemu ya ushahidi imekwenda. Mjerumani Hans-Otto Baral aliandika kwa kirefu mwaka 1992 akitetea uchunguzi wa seli hai, na mimi, niliyekula mshahara wa kukausha na kupaka rangi, ilibidi nijifunze kutazama upya.

Baada ya maji ndipo Lugol, dawa ya iodini, ile ile niliyotafutia amiba. Unaidondosha pembeni ya kioo, unaivuta kwa kipande cha karatasi upande wa pili, unasubiri. Ncha ya kifuko ikigeuka buluu, au isipogeuka, umepunguza orodha ya majina. Wataalamu wengi walizoea dawa ya Melzer. Baral alionyesha mwaka 1987 kwamba Lugol hufichua wekundu ambao Melzer huuficha. Nilicheka peke yangu. Dawa ya zahanati!

Swali jingine ni kifuko hufunguka vipi, kwa kifuniko au kwa tundu. Émile Boudier, mfamasia wa Kifaransa, ndiye aliyelitia uzito swali hilo mwaka 1879, na hadi leo unaanza nalo.

Miaka hiyo hiyo John Medley Wood alikuwa akiokota kuvu Inanda, juu kidogo ya Durban, na kuzipeleka kwa wataalamu wa kuvu, Cooke huko Uingereza na Kalchbrenner huko Hungaria. Zilisafiri kwa meli, zimekauka. Majina waliyozipa yametokana na maiti, na sifa za seli hai hazikuwamo kwenye kifurushi. Mlinzi wa magari mwenye tawi bichi mkononi ana kitu ambacho Cooke hakukipata. Kwa hiyo nachora na kupima spora usiku ule ule, kabla tawi halijakauka. Jina la spishi naliacha wazi hadi vipimo vikubaliane; daftari langu lina nafasi nyingi za namna hiyo, na hazinikeri.