Kanga, Kisu na Mdomo wa Mtutu

Katika wilaya yetu ya Kondoa, mtama na alizeti vinapokomaa, kanga hushuka mashambani kwa makundi, na hapo mazungumzo ya barazani baada ya swala ya alasiri huhamia kwenye bunduki. Wenye leseni ya silaha na kibali cha kuwinda ni wachache, lakini wenye maoni ni wengi. Na maoni yenyewe, kwa sehemu kubwa, ni mawili: kwamba mtutu ukiwa mrefu risasi hufika mbali zaidi, na kwamba mdomo wa mtutu ukibanwa zaidi ndege hana pa kupona. Kaka yangu, ambaye ndiye mwenye leseni katika familia yetu, aliyaamini yote mawili, kiasi cha kutaka kuiuza bunduki ya marisau aliyoirithi kwa marehemu baba yetu, kwa taratibu zote za polisi, ili anunue nyingine yenye mtutu mrefu. Mimi si mwindaji. Kazi yangu porini ni kubeba kisu. Lakini ni kwa sababu ya kisu hicho nimejikuta nikijifunza habari za mitutu.

Hili la urefu lina asili yake, wala si upuuzi wa wazee wetu. Babu zetu walitumia gobore, na gobore hula baruti nyeusi, ambayo huungua polepole. Mtutu ukiwa mfupi, baruti haipati nafasi ya kuisukuma risasi ipasavyo. Kwa hiyo aliyesema zamani kwamba mtutu mrefu una nguvu alisema kweli kwa silaha aliyokuwa nayo mkononi. Baruti ya leo ni nyingine. Kazi yake kubwa humalizika mapema, na kinachobaki mbele ya hapo huongeza kidogo sana. Ukilinganisha mtutu wa inchi 26 na wa inchi 28, tofauti ya mwendo wa risasi ni mita chache tu kwa sekunde, katika mwendo unaokaribia mita 400 kwa sekunde. Kanga hawezi kuitambua tofauti hiyo. Huko London, mtengenezaji wa bunduki Robert Churchill alijijengea jina katika miaka ya 1920 kwa kuuza bunduki za mitutu ya inchi 25, wakati wenzake wakiamini kwamba 30 ndiyo heshima.

Basi urefu una faida gani? Faida yake imo mikononi na machoni. Mtutu mrefu ni mzito kwa mbele, na ukiusogeza kumfuata njiwa anayepita juu kwa kasi hauyumbi, huenda kwa utulivu. Mtutu mfupi ni mwepesi kuunyanyua, na katika vichaka vyetu vya miiba, ambamo kwale huchomoka miguuni pako bila taarifa, wepesi huo ni neema. Bunduki ya baba ina mitutu miwili ya inchi 28, na sijaona bado windo la wilaya hii lililoikataa.

Jambo zito zaidi ni lile la mdomo. Mtutu wa bunduki ya marisau hauna mikato ndani kama ule wa raifo. Ni bomba laini. Karibu na mdomo, katika sentimita chache za mwisho, mafundi huubana kidogo, na mbano huo huitwa choki. William Pape wa Newcastle, Uingereza, aliuandikishia hataza mwaka 1866, ingawa wapo waliodai kumtangulia. Ni mbano mdogo mno: robo ya milimita kwa choki nyepesi, nusu ya milimita kwa ya kati, na karibu milimita moja kwa choki kamili. Lakini udogo huo huamua punje zitatawanyika kiasi gani. Kwa kipimo kinachokubalika, duara la inchi 30, yaani sentimita 76, huwekwa yadi 40 kutoka kwa mpigaji, ambazo ni kama mita 36 na nusu. Mtutu usiobanwa kabisa huingiza humo karibu asilimia 40 ya punje zake, choki nyepesi asilimia 50, ya kati 60, na kamili 70.

Kaka aliposoma hesabu hiyo aliniambia, "Si unaona mwenyewe? Sabini ni nyingi kuliko hamsini." Nikamuuliza, lini amempiga kanga akiwa mbali mita 36 na nusu, kisha nikamfikia na kisu akiwa hai? Alinyamaza kidogo, kisha akacheka.

Hapa ndipo fiqhi inapoingia. Mtume (s.a.w.) aliulizwa na Adiy bin Hatim (r.a.) kuhusu windo linalopigwa kwa mi'radhi, aina ya mshale mzito. Jawabu lake lilitenganisha kilichochomwa kwa ncha, ambacho huliwa, na kilichopigwa kwa ubapa kikafa, ambacho kimeingia katika hukumu ya mnyama aliyekufa kwa kipigo, aliyeharamishwa katika Surat al-Maida. Wanazuoni wa zama zetu wamekhitalifiana juu ya punje ya risasi. Wapo wanaosema kwamba hutoboa, kwa hiyo bismillahi ikisomwa wakati wa kufyatua, windo ni halali hata likifa kabla ya kufikiwa. Wapo wanaosema kwamba huua kwa kishindo na uzito, maana haina makali, kwa hiyo halali yake ni lile lililofikiwa lina uhai likachinjwa. Mimi si mufti, na msomaji amuulize sheikh wake. Nyumbani kwetu tumeshika kauli ya pili kwa ihtiyati, na mke wangu hampokei kanga jikoni mpaka auulize mkono ulioshika kisu.

Kwa anayeshika kauli hiyo, umbali wa kufyatua ni ule ambao miguu ya mbeba kisu inaweza kuumaliza upesi. Kanga aliyejeruhiwa hutimka mbio vichakani, na anayekufa humo amepotea kwetu, naye ameteseka bure. Kwa hiyo tulijiwekea hatua 25 hadi 35, si zaidi. Na ukishapanga umbali, choki hujichagua yenyewe.

Tulihakikisha kwa karatasi. Tulikata mifuko ya saruji, tukaigundisha vipande mpaka tukapata karatasi pana kuliko mita moja, tukaisimamisha kwenye kichuguu mahali pasipo na watu wala mifugo nyuma yake, hatua 25 kutoka kwa kaka. Mtutu wa kulia una choki nyepesi, wa kushoto una choki kamili, kama zilivyo nyingi za bunduki hizi za mitutu miwili. Wa kushoto ulitoboa pahala padogo kama sinia la watu wawili, punje zikiwa zimebanana. Kanga atakayeangukia hapo katikati hana nyama ya kupika, na mpigaji akikosea kiganja kimoja amemkosa kabisa. Wa kulia ulijaza eneo la ungo mkubwa, sawasawa, bila pengo la kumpitisha ndege.

Kaka alitoa hoja moja ambayo lazima niikubali. Kanga hutembea kwa makundi, na mtawanyiko mpana humjeruhi jirani asiyekusudiwa. Ni kweli. Dawa yake haimo kwenye choki bali kwenye subira: asifyatue ndani ya kundi, angoje mmoja ajitenge au aruke peke yake. Siku nyingine hungoja mpaka magharibi inakaribia, tukarudi mikono mitupu, na shemeji yangu anatucheka.

Choki kamili ina mahali pake, kwa njiwa wa juu na kwa anayeshika kauli ya kwanza na ana shabaha ya kweli. Bunduki mpya nyingi huja na choki za kufunga na kufungua kwa hesi, hivyo mtutu mmoja huwa na midomo kadhaa. Za zamani kama yetu zisitiwe punje za chuma cha pua; mbano mkali haupendi ugumu wake. Wala mtutu usikatwe kwa msumeno ili uwe mwepesi, kwani kinachoanguka chini ndicho chenye choki.

Bunduki ya baba haikuuzwa. Kaka amezoea sasa kifyatulio cha mbele, kile cha mtutu wa kulia, na fedha ya mtutu mrefu imenunua mabati ya banda. Jikoni, mke wangu hupitisha kidole polepole katika kidari kabla ya kuweka nazi, akitafuta punje, maana risasi ni sumu na meno ya watoto hayana akiba. Wiki iliyopita alizitoa nne, akazipanga kwenye kisosi mbele ya kaka.