Kutoka Kalerwe Hadi Kasubi

Miji ya Italia husifiwa ulimwenguni kote kwa makanisa yake, picha zake na vyakula vyake. Wageni huvuka bahari kwenda kuitazama. Lakini sisi tukaao Kampala twaweza kufunga safari ya namna hiyo kwa asubuhi moja, tukianzia soko la Kalerwe, kando ya barabara ya Gayaza.

Jumamosi moja nilikwenda huko na binti yangu wa miaka kumi. Mikungu ya matoke ilikuwa imelundikwa hadi njiani, na kando yake kabichi, nyanya na viazi vitamu. Mama mmoja aliyeuza majani ya migomba alimwuliza binti yangu kama ajua kufunga luwombo. Mtoto akanitazama mimi; nami nikatazama chini.

Mama yule hakutucheka. Alieleza kwamba jani changa hupitishwa juu ya moto hadi lilegee, lisije likapasuka. Nyama au kuku huwekwa ndani pamoja na mchuzi, au karanga zilizotwangwa, kisha jani hukusanywa na kufungwa kwa ukambaa wa mgomba. Kifurushi hicho huwekwa sufuriani juu ya matoke, kikaiva polepole kwa mvuke. Husimuliwa kwamba chakula hiki kilianzia jikoni mwa Kabaka Mwanga, katika mwaka wa 1887.

Tukachukua majani manne, tukaelekea magharibi kupitia Bwaise hadi kilima cha Kasubi. Hapo Kabaka Mutesa wa Kwanza alijenga jumba lake mwaka 1882, naye akazikwa humo alipofariki mwaka 1884. Makabaka watatu waliomfuata wamelazwa hapo pia. Paa ni la nyasi, na ndani yake mna pete 52 zinazowakilisha koo za Buganda. Kazi ya kuezeka ni ya ukoo wa Ngeye, baba akimrithisha mwana.

Mwaka 2001 UNESCO iliyaandika makaburi hayo katika Urithi wa Dunia. Tarehe 16 Machi 2010 moto uliliteketeza jumba kuu. Ujenzi mpya ulichukua zaidi ya miaka kumi, na mwaka 2023 mahali hapo paliondolewa katika orodha ya urithi ulio hatarini.

Hapo ndipo nilipofikiri juu ya kuba la kanisa kuu la Firenze, lililokamilika mwaka 1436. Kuba la matofali laweza kusimama hata kama fundi wake amekwisha kusahauliwa. Nyumba ya nyasi haiwezi. Nyasi huoza, nazo hazina budi kubadilishwa. Siku atakapokosekana ajuaye kuezeka, jumba nalo litakuwa limekwisha, hata bila ya moto. Na jani la mgomba hunyauka upesi kuliko nyasi.

Basi wazazi wenzangu, hasa ninyi mlio kambini mbali na vijiji vyenu, msingoje likizo ili watoto wajifunze kwa nyanya zao. Kila kabila lina chakula chake na ufundi wake. Wafundisheni kimoja mwezi huu, na kama hamkijui, ulizeni sokoni bila ya haya.

Jioni ile majani mawili yalipasuka mikononi mwetu. Mawili yaliyosalia aliyafunga binti yangu, nasi tukala tukashiba.