Picha za Mto Ruvuma

Akina mama wenzetu, likizo hii hatukutaka watoto washinde ndani. Tulifunga mihogo ya kuchemsha na chai ya chupa, tukapanda milima ya Matogoro, mashariki ya mji wetu wa Songea, kupiga picha mahali mto Ruvuma unapoanzia. Ajabu kweli! Mto huu wa takriban kilomita 800, mpaka wetu na Msumbiji, pale juu mtoto anauruka. Tulipiga picha chemchemi na ukungu mapema, maana jua la saa sita huharibu picha za maji.

Tuliposhuka penye mawe, mto umepanuka kidogo, tulimwambia kitindamimba wetu, "Rudi nyuma, tukupate vizuri." Akarudi. Baba na mama, sote macho kwenye simu. Hakuna aliyetazama miguu yake. Akateleza, akatumbukia. Maji yalimfika kifuani tu, lakini tulitetemeka mpaka nyumbani.

Picha ile tunayo. Anacheka, kisigino kimoja kiko hewani. Hatujaifuta, wala hatujaitundika ukutani. Siku hizi mmoja wetu akipiga picha, mwingine humshika mtoto, hata mkono ukionekana pichani.