Mbegu Isiyotaka Jua

Mama yangu alikuwa na kibanja cha migomba na mibuni kule Nkwenda, mahali palipokuwa siku hizo Karagwe na ambapo tangu mwaka 2012 ni wilaya ya Kyerwa, naye alikuwa na desturi mbili za mbegu ambazo katika utoto wangu sikuona tofauti yake ila kwamba moja ilikuwa na kazi zaidi. Maharage aliyaanika mpaka yakalia yakitikiswa, akayachanganya na majivu, akayatia chunguni, na chungu akakiweka uchagani juu ya meko. Amma buni, aliichuma ikiwa nyekundu, akaimenya kwa vidole, akaiacha kivulini siku chache tu, kisha akailaza kitaluni chini ya majani ya mgomba. Nikimuuliza sababu hujibu, "Hiyo, mwanangu, haitaki jua."

Nilipokuwa mwalimu kijana Morogoro, chuo chetu kilipofanywa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo mwaka 1984, ilmu niliyoifundisha kwa yakini ya ujana iligawa mbegu mafungu mawili, kama alivyozigawa Roberts wa Reading, Uingereza, mwaka 1973: zinazokubali kukaushwa sana zikaishi miaka mingi, na zinazokufa zikikaushwa. Maharage yalikuwa sahali, maana kila unyevu upunguapo sehemu 1 katika 100, umri wa mbegu hukaribia kuwa maradufu. Buni ndiyo iliyonitesa. Niliikausha barabara, nikaifunga chupani, nikaitia jokofuni, nikijidhania kuipa maisha marefu. Miezi michache baadaye nikailaza kwenye karatasi yenye maji, nikangoja mwezi na ushei (buni ni mvivu wa kuota, na subira ni nusu ya kazi yetu), ikanijibu kwa kuoza.

Mwaka 1990 Roberts yuyo huyo, pamoja na Ellis na Hong, akaandika kwamba kahawa haimo katika fungu lolote kati ya yale mawili, bali i baina yake: hustahimili kukaushwa kwa kiasi, lakini ikipita hapo, au ikitiwa baridi hali imekauka, uhai hupungua upesi. Nilistaajabia mtu kutoboa ukuta wa nyumba aliyoijenga mwenyewe. Kisha nikamkumbuka mama, nikaona haya.

Umri wangu wa kazi uliosalia niliutoa kwa buni hiyo. Kumbe mnyauko wa kahawa, ugonjwa uuao mibuni, uliodhihiri kwetu Kagera miaka ya 1990, ulikuwa na shauri lake. Robusta, kahawa ya huko kwetu, haijichavushi, kwa hiyo mbegu yake ni mwana wa baba asiyejulikana, na mbuni ulio sugu hauna dhamana ya kuzaa usugu. Ndiyo maana aina mpya za TaCRI, taasisi ya utafiti wa kahawa Tanzania, mathalani Maruku 1 na Bukoba 1, huzalishwa kwa vikonyo, yaani vipandikizi, si kwa mbegu.

Nilipostaafu nilikwenda kitalu kimoja cha vijana huko kwetu, nikamweleza msimamizi kwamba kazi yangu yote ilikuwa mbegu za kahawa.

"Mbegu, babu?" akasema kwa adabu. "Hapa hatuna."

Nikanunua miche 10.